Miche Saba ya Feza

Jumatatu, 4 Novemba
Nimefagia uwanja, isipokuwa nyuma ya jiko. Miche saba imeota pale bila kupandwa, sasa inafika magotini. Mbegu za kwanza alizileta marehemu mke wangu Feza kutoka Nyangwe, katika fundo la kitenge chake. Alisema ni maua. Mwaka jana yalichanua tukiwa hospitalini, yakamwaga mbegu yenyewe. Sikuyaona. Jina la maua hayo sikumwuliza. Unisamehe, Feza.

Alhamisi, 7 Novemba
Bwana Ramazani, shefu wa mtaa, amepita. Ameshika jani. «Mzee, hii iko bangi. Majani tano kama vidole ya mutu. Na inanuka!» Nimeomba radhi kabla hata ya kukanusha. Tabia mbaya. Ameagiza niing'oe kabla ya Jumamosi jioni, la sivyo atapeleka habari kwa polisi. Padri akisikia, sitasoma tena kanisani.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimechunguza kwa miwani. Penye kila jani, miiba miwili midogo. Shina linanata. Bangi niliyoiona kwa wachimbaji wa Lusangi haikuwa na miiba. Hoja nzuri. Sina ujasiri wa kuitoa.

Jumamosi, 9 Novemba
Asubuhi nimeng'oa sita. Niliogopa watu. Nina aibu. Wa saba ulikuwa na vitumba, mkono ulikataa.

Shefu alifika jua likishuka. Nilimpa kiti, nikamwonyesha miiba, nikamwomba kwa heshima tungoje kidogo. Hakupenda, lakini aliketi. Vitumba vikafunguka mbele yetu. Petali nne za waridi, zote zimeelekea juu, na nyuzi ndefu zikitoka nje. Shefu alicheka hadi akakohoa. «Papa, bangi yako imeota ndevu ya paka! Bibi yangu atataka mbegu.»

Nilimwahidi. Sikuweza kucheka. Ile sita ilikuwa chini, imekwisha kunyauka, nayo ilikuwa na vitumba pia. Sikuwa nimetazama vizuri.

Jumapili, 10 Novemba
Nimesoma somo la kwanza.

Alhamisi, 30 Januari
Maganda ya mbegu yamekauka, marefu na membamba, yakapasuka yenyewe. Shefu amepata fungu lake. Baada ya mvua za mwezi huu, miche imejaa hadi karibu na mlango wa jiko. Sikung'oa hata mmoja. Nimemwandikia shefu barua fupi ya kumjulisha kuwa ni maua yale yale, kabla miche haijatoa majani matano.