Meja na Mchicha

Jumanne, Masuguru

Mpaka sasa hasira hazijaniisha. Daktari wa mifugo kasema mafuta yatamuua kasuku wetu Meja, kwa hiyo mandazi basi. Kutwa nzima namtilia mchicha kwenye tundu, naye anautupa sakafuni.

Jioni nikakaa kuula mwenyewe, nimemnunia. Akafoka: "Karibu chakula!" Kumbe kachukia kuona nakula bila kumkaribisha, kama mtu asiyefunzwa adabu! Nikamfungulia. "Haya, karibu baba." Akala mpaka sahani ikawa nyeupe.

Nimefurahi, ila mchicha mimi siupendi, na sasa itabidi tule pamoja kila siku.

Baadaye nikajificha jikoni, gizani, na andazi moja tu. Hata sijamega, sauti ikatoka sebuleni: "Karibu chakula!"