Stelingi Wangu

Doonside, Sydney, Julai 2021

Mdogo wangu Fiacre,

Huku baridi kali, na serikali imetufungia ndani. Unakumbuka video tulizokuwa tukitazama kambini, ulivyokuwa unaapa kwamba stelingi, shujaa wa sinema, hafi? Mimi nimepata stelingi wangu.

Ni bibi ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee. Zamani aliigiza Hollywood, sinema na televisheni pia. Kazi yake ilikuwa kufa! Anakohoa, anaanguka, watu wanalia, halafu anaibuka kwenye sinema nyingine. Hata sisi hutuigizia. Tukishangilia, anainama kushukuru.

Juzi alikohoa, nikampigia makofi. Hakuinama. Sasa yuko hospitali, ni korona.

Na mimi nimeanza kukohoa. Watoto wananiwekea chakula mlangoni. Usimwambie Mama.

Apa tena, Fiacre.

Dada yako,
Elvire