Fundi wa Kawaida Alikuwa Wewe

Kaka yangu,

"Fundi yeyote wa kawaida angelifikiria hilo." Ndivyo ulivyoandika wewe na jopo lako mlipoinyima hataza, ile hati ya kumiliki uvumbuzi, kazi ya kitindamimba wetu. Nimeisoma hukumu hiyo mara mbili.

Mama hajambo, goti limepungua uvimbe. Anakuulizia. Nimemwambia una kazi nyingi.

Sasa niambie, huyo fundi wa kawaida ni nani? Miaka kumi na minane kiwandani mlimimina dawa ya kung'arisha kwenye rojo la mbao, na karatasi ikatoka ya manjano kama meno ya mvuta sigara. Mkaongeza dawa, rangi ikabaki ileile. Ni huyo mdogo wetu peke yake, kule maabara ya kiwanda, aliyesema rojo lioshwe kwanza kwa asidi, zitoke chembe za chuma zinazoiharibu dawa. Na wewe, fundi mkuu wakati huo, ulimcheka mezani kwa mama: "We mtoto, ukitia asidi utapata uji, si karatasi!"

Hukulifikiria, bwana. Uliambiwa, ukakataa. Leo umeona karatasi nyeupe, unasema lilikuwa wazi! Tena wenzako wawili mliotia sahihi pamoja hukuwaambia kwamba uliwahi kulisikia ukalicheka, wala kwamba ni ndugu yako.

Mwenyewe amezifunga daftari zake kwa kamba na kuziweka karibu na pipa la taka.

Kesho asubuhi wasomee wenzako barua hii, yote, kwa sauti. Kisha jitoe kwenye jopo, nao waisikilize kesi upya.

Dada yako