Mama, Sindano Yako Ilikuwa Tupu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ulinifundisha kwamba mtoto asiyeamkia hana la maana la kusema, na mimi leo ninalo. Nimechelewa kulisema. Barua hii sitaikunja na kuificha. Kesho inabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, kila apitaye aisome, na asiyejua kusoma asomewe.

Unakumbuka asubuhi za kuchanja kuku? Nilikuwa darasa la tatu, mdogo wangu Yona bado anafunga kaptura kwa kamba. Kideri, ule ugonjwa unaofyeka kuku, kilikuwa kimepita na kutuachia jogoo mmoja tu, naye kapinda shingo. Ukaapa. Ukaenda kwa miguu hadi Iguguno kwa bwana mifugo, ukarudi na kichupa cha chanjo ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi, umeizungushia kanga mbichi. Kabla hujafungua banda ukatupanga: mimi nakamata, Yona anashika mabawa, wewe unadondosha. Tone moja jichoni, basi. Kuku anapepesa, unamwachia, aje mwingine.

Ulipomaliza wa kwetu, kichupa bado kilikuwa na dawa, na kichupa kikishafunguliwa hakilali, ndivyo ulivyosema. Tukazunguka nyumba hadi nyumba, hata kwa Mama Tatu, jirani ambaye mlikuwa hamsalimiani kwa ajili ya mbuzi wake na alizeti zako. Mtetea mmoja akanitoroka, akazama kwenye ua wa minyaa. Nikasema, mama, huyo mmoja tumwache. Wee! Ulinitazama mpaka nikajuta kuzaliwa. "Ukimruka mmoja umewaruka wote," ulisema. Nikaingia kwenye minyaa, nikatoka na mtetea na mikono imejaa utomvu.

Ndiyo maana chanjo ya korona ilipofika kijijini hukuhitaji kubembelezwa. Wengine walikuwa wanaapa kwa miungu yote kwamba hawaigusi. Tulikuwa tumezoea kujifukiza majani ya mwarobaini na kunywa tangawizi, na mtu akifa tunasema ni nimonia, au changamoto ya upumuaji, ili mradi tusilitaje jina lenyewe. Mwenyekiti wa kijiji akaomba ajitokeze mtu mmoja anayeheshimika, aanze, wengine waone. Watu wote wakaangalia miguu yao. Wewe ukasimama, kiongozi wa akina mama kanisani, mwosha maiti wa wanawake wa kijiji kizima, ukasema kwa sauti, "Kuku wangu wamechanjwa. Mimi nimekosa nini?" Watu walicheka, na mimi nikacheka nao.

Na mchanjaji nilikuwa mimi. Nesi wako, kama ulivyopenda kuniita mbele za watu hadi naona haya.

Sasa nisikilize, mama. Nilikuwa nashinda na simu mkononi nasoma ujumbe wa kila aina: kwamba aliyechanjwa hamalizi miaka miwili, kwamba mwenye presha damu inaganda. Nimesoma uuguzi, nilijua wapi pa kuuliza, sikuuliza. Mbele za watu nilishika kipaza sauti nikawahimiza, nikawachoma mmoja mmoja, na dawa niliivuta kamili. Wewe ulikuwa na presha. Kwa mama za watu nilikuwa na imani. Ilipofika zamu ya mama yangu, imani ikaniisha.

Ulipita nyuma ya kanga tuliyoitundika mlangoni, ukaketi, ukapandisha mkono wa gauni. Ningeweza kukuambia naogopa. Ungenigombeza, ungenitukana kwa Kinyiramba, na pengine ungenitoa hofu. Lakini nje walikuwa wanakusubiri wewe uwatangulie, na mimi nilitaka vyote viwili: wakuone umechanjwa, na usichanjwe. Nikachukua bomba lisilo na dawa. Nikakudunga, nikasukuma bomba halina kitu, nikakubandika pamba. "Imekwisha?" uliuliza. Nikasema imekwisha. "Mkono wako mwepesi, mwanangu." Ukatoka umeshikilia pamba, vigelegele vikapasua anga, na mstari ukajipanga mpaka nyuma ya ofisi. Nikakuandika kwenye daftari. Cheti nilichokupa ukakiweka ndani ya Biblia yako.

Wale wote waliokufuata siku ile, mama, walipata dawa. Uliwaokoa watu kwa kitu ambacho wewe mwenyewe hukukipata.

Halafu mambo yakalegea. Ndoo za kunawia zikaondolewa mnadani, barakoa zikageuka za kufutia jasho, kanisani watu wakarudi kupeana mikono. Mimi nami nikalegea. Nilijiambia ugonjwa umekwisha, siri yangu imezeeka, haitamdhuru mtu tena. Ndipo rafiki yako wa kwaya akaanza kubanwa kifua. Nilipofika kwake nikakukuta umejifunika naye blanketi moja juu ya sufuria la majani, unamsugua mgongo, mnavuta mvuke pamoja. Nikakuambia toka, mama. Ukachungulia, uso umelowa, ukanicheka. "Nitoke niende wapi? Mimi nina kinga ya mwanangu."

Hapo ndipo nilipokuua. Siku ya sindano nilikosea kwa woga. Siku ya blanketi nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, hukuchanjwa, nikayameza kwa sababu watu walikuwemo chumbani. Niliona aibu. Nikaaga, nikaenda kazini.

Baada ya siku chache tulikupeleka hospitali na wewe unahema kama mtu aliyepanda mlima. Daktari akauliza kama umechanjwa. Ulikuwa huwezi kumaliza sentensi, lakini hiyo uliimaliza: "Nimechanjwa, na aliyenichanja ni huyu." Ukaninyooshea kidole kwa fahari. Daktari akanigeukia, "Ni kweli, sista?" Nikasema ndiyo. Akaandika. Sijui kama jibu lingine lingekusaidia. Najua tu kwamba ulikuwa unavuta pumzi kwenye mtungi wa oksijeni na mimi nikaendelea kudanganya.

Tulikuzika upesi, na walioosha mwili wako walikuwa wageni, wewe uliyeosha wengi hivyo. Msibani nilikuwa ndani nakunja vitenge vyako nikawasikia watu nje. Mama Tatu alikuwa analia kweli, nawe unajua hakuwa mtu wa kulia ovyo. "Kama sindano ya mwanawe wa kumzaa imemmaliza, za serikali zitatuachaje sisi?" Hakuna aliyembishia. Hata mimi.

Basi imekuwa hivyo tangu siku ile. Si ya korona tu waliyoikataa, wameikataa na ya surua, ya polio, ya wasichana ya kukinga saratani. Tukija na boksi la baridi wanafunga milango, watoto wanapelekwa mashambani kuamia ndege hata kama mtama bado hauna suke. Benchi la kliniki linakaliwa na kuku. Wenzangu wanaitisha vikao kutafuta kiini cha tatizo, nami naketi pale naandika muhtasari. Kiini kimeshika kalamu.

Yona ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Aliapa juu ya kaburi lako kwamba sindano haitaingia tena nyumbani kwake. Binti yake alizaliwa ukiwa umeshaondoka, akampa jina lako. Eliza wetu ana kidevu chako na kiburi chako, mama, anagombeza mbuzi na kutembea amefunga mikono nyuma. Mwaka huu surua imempata. Amepona, lakini jicho la kushoto limefunikwa na weupe. Ukimpitishia mkono upande ule hapepesi.

Nilimwambia Yona, mdogo wangu, hii ingezuilika. Alikuwa amempakata. Akanijibu kwa upole, ndicho kilichoniumiza, "Dada, bora jicho kuliko yaliyomkuta mama."

Mficha maradhi kilio humfichua. Mimi kilio chako kilinikuta nikanyamaza, kikapita. Jicho la wajina wako nimeshindwa kulipita.

Juzi nilimfuata Yona shambani kwako, tunapura alizeti, kila mtu na fimbo yake, yeye upande ule wa turubai na mimi upande huu. Nikamwambia yote, kuanzia kanga ya mlangoni mpaka kidole chako hospitalini. Hakunipiga, ingawa ningefurahi. Aliendelea kupura vichwa vile vile mpaka havina hata punje, anapiga tu, anapiga. Kisha akauliza, "Na mama alikuwa anajua?" Nikasema hakujua. Akatupa fimbo akaondoka. Jana nimepeleka maelezo yangu kwa wakubwa wa wilaya, Nduguti, kwa mkono wangu. Nguo nyeupe naweza kuvuliwa siku yoyote, na wakinivua sitasema nimeonewa.

Leo ilikuwa siku ya kliniki. Benchi tupu kama kawaida. Nikamwona Yona anakuja na mtoto wake wa pili, wa miezi kumi, kifuani, Eliza amemshika suruali. Hakuniamkia. Akapita mbele yangu moja kwa moja hadi kwa Rehema, nesi mwenzangu. "Mchanje huyu ya surua. Lakini kabla hujamchoma, nionyeshe dawa ndani ya bomba." Rehema akasita, maana hajui lolote, na kufungua kichupa kizima kwa mtoto mmoja ni hasara. Nikamwambia fungua. Akavuta dawa, akainua bomba kwenye mwanga wa dirisha. Yona akalitazama muda mrefu, akaligusa na kidole. "Haya." Nikasogea nimshike mtoto mkono, kazi ninayoifanya kila siku. "Wewe usimguse," akasema. Nikarudi ukutani.

Mtoto alilia, akanyamaza. Yona akauliza, "Kichupa bado kina dawa?" Rehema akasema ipo tele, ila saa chache zijazo ni ya kumwaga. Mtu mzima yule, mama, akawa tena yule wa kaptura ya kamba. Akasema, "Kikishafunguliwa hakilali." Akamwacha Eliza benchini, akatoka na mdogo wake mgongoni. Nikamwona dirishani anabisha hodi kwa Mama Tatu.

Yona hakuwa na njia ya kuwatoa majumbani ila kuwaambia nilichokutendea. Nilimsikia Mama Tatu akipiga yowe, kama siku ya msiba wako. Yona akaenda nyumba ya pili, kisha ya tatu. Baada ya muda wakaanza kuja, mmoja mmoja, watoto mgongoni na wajukuu mkononi. Kila mmoja alidai aonyeshwe bomba kwenye mwanga. Hakuna hata mmoja aliyenisalimu. Mama Tatu alipofika mbele yangu alisimama, akanitazama vile ulivyonitazama kwenye minyaa, akapita. Kichupa kilikwisha, Rehema akafungua kingine.

Mimi nilikaa benchini na Eliza. Akaniegemea kwa upande ule asioona, akaniuliza, "Shangazi, kwa nini watu wote wanakuchukia leo?" Nikamwambia nilimruka mtu mmoja.

Sikuombi unisamehe, mama. Najua ungenisamehe, ndiyo maana siombi. Cheti chako nimekitoa kwenye Biblia, nitakibandika kando ya barua hii, wakione kwamba mwandiko ni mmoja. Lala, mama. Wenzako leo wamechanjiwa wajukuu.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
yule uliyemnyooshea kidole.