Kakakuona Mwenye Koti

2 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila shemeji yako mafua hayataki kumwachia. Gazeti lenu la watoto limefika. Nimemwona Kakakuona wetu, kasimama kwa miguu miwili na koti lake la askari. Penseli ni yako, zile kucha nazijua. Lakini wino si wangu. Nani kampitishia? Tangu utotoni wewe unachora, mimi napitisha wino. Au nimekufa sijaambiwa?

Dada yako

11 Machi

Dada,

Shikamoo. Mpe shemeji pole. Wino ni wa mwenzangu wa meza ya jirani. Mhariri alikuwa na haraka, na barua huchelewa. Usimchukie bure, ana mkono mtulivu kweli. Magamba yote kayapitia kwa kalamu ya nibu bila kudondosha hata tone.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mimi roho inaniuma. Huyo umemsifia mpaka tone ambalo halikudondoka, mimi hujawahi kunisifia hata gamba moja. Basi nimechora wa kwangu, penseli na wino, peke yangu. Shemeji yako kauliza, "Huyu samaki kavaa koti anakwenda wapi?" Nakutumia, mcheke wewe na mtulivu wako.

Dada yako

8 Aprili

Dada,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Tulicheka, sikufichi. Mhariri akapita, akaichukua ile karatasi, akaitazama weee. "Huyu yu hai," akasema. "Wa kwako amesimama tu." Mbele ya watu wote. Anataka uje uchore hadithi nzima ya huyo samaki. Kakakuona kawekwa kando. Nilikaa kimya na habari hii mpaka mhariri akaniuliza tena kama nimekuandikia. Chumba changu kina kitanda kimoja. Tafuta pa kulala.

Mdogo wako

6 Mei

Mdogo wangu,

Umeamkaje? Barua yako nimeisoma, na kununa kwako nimekusikia mpaka huku. Nimemwandikia mhariri kwamba huyo samaki akigeuka mgongo simwezi, wala mikono yake siijui. Bila mtu wangu wa penseli, siji. Amekubali. Nafika Jumatatu. Nuna utakavyo, ila usiku sogea ukutani.

Dada yako