Farasi wa Siku ya Mia

Mdogo wangu,

Sisi huku wazima. Cherehani yangu imepona, ila goti la baba bado linamsumbua.

Ule mchezo wa mtandaoni uliouacha kwenye kompyuta, sasa anaucheza baba. Wameuboresha: mlinzi wa lango anasikia unachosema na anajibu. Siku ya kwanza baba alinuna, eti mtoto wa juzi hamwamkii. Nikamwambia amfundishe. Sasa kila asubuhi mlinzi anasema, "Shikamoo mzee," baba anaitikia, anachukua zawadi ya siku, anazima. Hapigani na mtu.

Jana alitimiza siku mia mfululizo, akapewa farasi mweupe. Nikamwuliza atampanda lini. "Si wangu," akasema. "Mchezo una mwenyewe."

Yale aliyokwambia kwa hasira siku unaondoka hajayataja tena, nami simchokonoi. Lakini leo nimemsikia akimwuliza mlinzi kwa sauti ya chini, "Kijana wangu hajapita hapa?"

"Bado, mzee. Akipita nimwambieje?"

Baba akasema, "Mwambie farasi wake yupo."

Neno lako la siri la mchezo hatujalibadilisha. Pita langoni.

Dada yako,
fundi wa nguo zako za shule