Kitanda Ndani ya Gari la Mikate

Malindi, 4 Machi 1957

Kwa shemeji yangu Uledi, Garsen.

Salaam aleikum. Mimi mzima, homa imeniacha. Natumaini wewe, Mwanaarusi na watu wote wa nyumbani mko salama, na mto haujapanda.

Shemeji, soma mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ile pikapu yetu ya dizeli haipo tena. Nimebadilishana na James, makanika wa hapa, yule wa Golbanti. Amenipa gari kubwa lililofunikwa, lilikuwa likibeba mikate mjini. Injini yake ni ya petroli, kuukuu, lakini inavuta. Ndani ni patupu kama chumba, mtu anasimama bila kuinama.

Nataka kulifanya nyumba. Miaka mitatu tangu nimuoe dada yako Mwanaarusi, mimi nalala chini ya gari njiani, yeye analala kwako. Nimewaona Wazungu wapima ardhi wana gari namna hii, lina kitanda, meza, hata jiko. Tukiwa nalo sisi nitakwenda naye kila safari, Hola, Madogo, mpaka huku Malindi. Mizigo nitafunga juu. Lakini kazi ya mbao siiwezi. Nakuletea wewe mchonga mitumbwi.

Shemeji yako,
Godana


Garsen, 19 Machi 1957

Shemeji Godana,

Waaleikum salaam. Sisi hatujambo, isipokuwa mama bado anaumwa miguu. Mto umetulia.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimesimama. Pikapu ile ilikuwa yetu, haikuwa yako. Ng'ombe wako walikwenda humo, na mitumbwi yangu sita ilikwenda humo. Uliniuliza lini? Juzi mke wa Komora alishikwa na uchungu, wakaja mlangoni kwangu kutaka pikapu imfikishe hospitali ya Ngao. Nikawaambia haipo. Walimpeleka kwa mtumbwi na akajifungua salama, lakini vile walivyoniangalia sijasahau.

Ningekwambia urudi kwa James siku hiyo hiyo. Ila Mwanaarusi alikuwa amekaa nami nikisoma. Akasema, "Kaka, rudia hapo pa kitanda." Nikarudia. Akacheka. Tangu tulipomzika mtoto wenu mwaka juzi sijamsikia akicheka vile.

Lete gari.

Shemeji yako,
Uledi


Garsen, 11 Septemba 1957

Shemeji Godana,

Salaam aleikum. Habari za siku nyingi? Hapa tuzima sote, mama anakusalimu.

Ulituaga kivukoni ukisema unakwenda Malindi kupaka gari rangi, siku kumi tu, kisha umfuate mkeo. Hii ni wiki ya saba. Miezi minne niliacha mitumbwi ya watu nikiwa ndani ya gari lile. Kitanda nilikitoa katika gogo la mbambakofi nililokuwa nimeliweka kwa mlango wa nyumba yangu mwenyewe. Kabati la vyombo nililitia ukingo ili vikombe visianguke, na meza inakunjwa ukutani. Sikudai hata shukrani. Nilijua nani atalala humo.

Mwanaarusi alishona mapazia kwa kitambaa chake cha buluu, kile alichokiweka cha Idi. Sanduku lake liko mlangoni, limefungwa kamba. Likivuma gari ng'ambo ya kivuko, anatoka nje. Akiona ni gari jingine, anajifanya alitoka kutazama kuku.

Nijibu. Kama kuna tabu, sema tusaidiane.

Shemeji yako,
Uledi


Madogo, 2 Oktoba 1957

Shemeji Uledi,

Waaleikum salaam. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mimi niko salama, nashukuru Mungu.

Injini ilinisumbua, kisha nikapata mzigo wa ngozi wa haraka kuja huku Madogo. Mwambie Mwanaarusi avumilie, mvua ikipita nitamfuata. Mimi si mtu wa kusahau.

Jambo moja dogo. Nitengenezee ubao wa kukinga kando ya kitanda. Barabara ina mashimo, naogopa Mwanaarusi ataanguka amelala. Mpe dereva wa James, anapita Garsen kila Jumatatu na ile pikapu.

Shemeji yako,
Godana


Garsen, 30 Oktoba 1957

Godana,

Salaam aleikum, kwa sababu salamu ni haki ya Mwislamu.

Ubao sikumpa dereva. Nilisema niulete mwenyewe, nikufurahishe, nikurudishe nyumbani. Nikapanda nyuma ya pikapu ambayo jana ilikuwa yangu, nikakaa juu ya magunia kama abiria yeyote, ubao magotini, mpaka Madogo.

Gari nililiona kabla sijashuka. Mapazia ya buluu yalikuwa yanapepea. Akatoka mwanamke kijana, amembeba mtoto wa kiume. Akasema, "Karibu mgeni. Mume wangu Godana amevuka kwenda Garissa." Akanipa chai katika kikombe kilichotoka kwenye kabati langu. Jina lake Barwako. Ana adabu. Hakujua mimi ni nani.

Nikamuuliza nani alitengeneza kazi nzuri hivi. Akasema, "Fundi mmoja wa Malindi." Na mapazia? Akainamisha kichwa. "Hayo ni ya mke wake wa kwanza, Mungu amrehemu. Alifariki huko Garsen."

Godana, kikombe nilikiweka chini.

Nilimuuliza umri wa mtoto. Miezi minane. Basi ulipoandika barua ile ya Machi, ya kumhurumia dada yangu analala peke yake, mtoto huyu alikuwa ameshazaliwa. Kuoa mke wa pili hukukatazwa. Ungesema. Mwanaarusi angelia, nami ningenuna, kisha tungeendelea kuishi. Lakini wewe ulimzika mtu aliye hai, ukamwachia kaka yake amchongee mke mwenziwe kitanda.

Mtoto alikuwa anatambaa pale kitandani, anafika ukingoni. Nikaomba nyundo, nikaupigilia ule ubao. Nikamrudishia nyundo, nikaondoka.

Mwanaarusi nimemwambia sikukukuta, na hilo ni kweli. Nakupa mwezi mmoja uje umwambie kwa mdomo wako.

Uledi


Madogo, 14 Novemba 1957

Shemeji yangu Uledi,

Salaam aleikum. Sina raha, lakini afya ninayo. Nasalimu wote.

Baba yake Barwako alikataa kumpa binti mtu mwenye mke. Nikasema neno moja, kwamba mke wangu amefariki. Baadaye sikujua namna ya kulirudisha. Na kama ningekwambia gari ni la Barwako, ungekubali kulichonga? Nilijua hungekubali. Jina la Mwanaarusi ndilo lililokulainisha, nalijua hilo na naona haya.

Nakuomba usimwambie. Sema nimepata kazi mbali, Isiolo. Atanisahau polepole. Mimi na wewe tubaki shemeji kama zamani.

Ni mimi shemeji yako,
Godana


Garsen, 20 Desemba 1957

Godana,

Salaam aleikum. Tuzima, na mama anatembea.

Mwezi ulikwisha, hukuja. Nikamsomea Mwanaarusi barua zako zote, hata ile ya mwisho. Aliuliza jambo moja tu, "Alisema nilikufa kwa ugonjwa gani?" Nikamjibu hukutaja. Akavaa buibui, akasema nimpeleke Madogo.

Hukuwepo, ulikuwa Garissa tena. Barwako alitoka kutukaribisha, akanitambua mimi wa ubao. Dada yangu akasema, "Mimi ni Mwanaarusi wa Garsen." Yule binti alishika mlango wa gari kwa mikono miwili. Mwanaarusi akamshika bega. "Keti, mama. Sikuja kugombana nawe. Nimekuja unione tu."

Wakakaa pamoja kitandani, mimi nikasimama nje. Sikuyasikia yote. Nilimsikia Barwako akilia, na Mwanaarusi akimbembeleza mtoto wako aliyeshtuka kwa kilio cha mama yake. Kisha Barwako akatuma mtu akamwite baba yake. Mzee alikuja, akamtazama dada yangu kwa muda mrefu, akamwomba radhi kwa kumwombea rehema mtu aliye hai. Tulipoondoka alikuwa anamchukua binti yake na mjukuu. Ukirudi hapo utakuta gari tupu. Hatukuchukua kitu.

Mwanaarusi ameshapeleka shauri lake la kudai talaka kwa kadhi, Lamu. Utaitwa. Njoo ujibu mbele ya watu.

Kabla ya kufunga barua hii nilimuuliza kama ana neno la kukuandikia. Akasema, "Marehemu ana barua gani?" Akachukua jembe lake, akateremka shambani kupanda mpunga.

Uledi,
kaka yake Mwanaarusi